Chai, chai, mkate: muziki wangu ulivyotaka kunivunjia ndoa

"Muziki wako unachechemea."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia mume wangu saa nane usiku, amesimama mlangoni na msuli wake, macho mekundu kwa usingizi. Mimi nipo mezani, hedifoni shingoni, mwanga wa laptopu umenijaa usoni. Nilikuwa nimemwomba asikilize dakika tatu. Akasikiliza moja. Hakusema mbaya, hakusema nzuri. Alisema unachechemea, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, akageuka, akarudi kulala.

Mwenzangu, niliumia mpaka machozi. Miezi minne nahangaika na ile biti, halafu mtu ninayelala naye kitanda kimoja anaipa dakika moja! Usiku ule nikajiapiza kwamba huyu hatasikia tena kitu changu. Nikarudisha hedifoni masikioni. Bila kujua, hapo ndo nilipoanza kuifungia ndoa yangu mlango.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wanawake wengi wenye mapenzi na kitu ambacho nyumbani hakieleweki. Mwingine anachora, mwingine anasoma usiku, mwingine anakimbia alfajiri na majirani wanamshangaa. Changu mimi ni muziki wa kompyuta wenye ladha ya jazi na hesabu za mapigo zisizo za kawaida. Najua, hata kuutaja tu unachosha. Ngoja nikueleze taratibu.

Nne imetuzoea

Sehemu kubwa ya muziki unaousikia kwenye daladala, harusini na redioni unahesabiwa nne. Moja, mbili, tatu, nne, halafu unaanza upya. Bongo Flava ni nne, dansi ni nne. Mguu umeshazoea, hauulizi.

Mimi niliharibiwa na mjomba wangu. Alikuwa na kaseti za jazi ya Marekani, na nikiwa binti wa miaka kumi na mbili alinipigia wimbo unaoitwa Take Five, wa kundi la Dave Brubeck, uliotoka mwaka 1959. Mtunzi wake ni Paul Desmond, mpiga saksafoni wa kundi hilo. Nikasimama sebuleni nicheze, wapi! Kila nikifika mwisho wa mzunguko, muziki unakuwa na pigo moja zaidi yangu. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wimbo ule unahesabiwa tano.

Kwetu neno jazi lilikuwa zaidi jina la bendi. Wazee wetu walikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, lakini walichokipiga kilikuwa dansi, magitaa yakijibizana. Hii ya mjomba ilikuwa kitu kingine kabisa, na ikanikaa kichwani.

Nilipokuja kupata kompyuta, nikajifunza ile programu iliyowalea maprodyuza wengi wa Bongo, FruityLoops, ambayo tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio. Kama umewahi kuchungulia studio ya mtaani unaijua: mistari ya vibonyezo kumi na sita, unabonyeza unapotaka ngoma ilie, inazunguka yenyewe. Kumi na sita ni nne mara nne. Siku moja nikajiuliza, je nikifupisha mstari uwe vibonyezo kumi na vinne? Nikapata mzunguko wa saba. Nikausikia ukiruka kidogo mwishoni, kama mtu anayewahi basi. Nikajua nimepotea, sirudi.

Kuhesabu saba kichwani ni shida, kwa hiyo nikajitungia njia yangu. Kila silabi ni pigo moja. "Chai" ni mapigo mawili, cha-i. "Mkate" ni matatu, m-ka-te. Basi saba ni "chai, chai, mkate". Tano ya Take Five ni "mkate, chai". Jaribu sasa hivi kwa kupiga paja: chai, chai, mkate, chai, chai, mkate. Umeona? Wala si hesabu ngumu. Ni staftahi tu.

Kodi na kodi

Ladha ya jazi inatoka zaidi kwenye kodi, yaani zile noti zinazobonyezwa kwa pamoja kwenye kinanda. Kodi ya kawaida ina noti tatu: do, mi, so. Mtu wa jazi haridhiki, anaongeza ti na re juu yake, na hapo sauti inakuwa kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anasita. Mimi nilikuwa mgonjwa wa kodi hizo. Nilizitafuta usiku kucha.

Tatizo likawa kodi nyingine, ya nyumba. Wapangaji wenzangu wa Dar mnajua mambo ya kulipa miezi sita kwa mpigo. Sisi tulikuwa tunachanga kila mwezi, mume wangu ananikabidhi, mimi mhasibu natunza. Siku moja nikasikia kuna mtu anauza kinanda kizuri kilichotumika, laki nne tu. Nikajisemea moyoni, nitazirudisha kabla hajajua. Nikazichomoa.

Naomba usinitetee. Nimeajiriwa kuhesabu pesa za watu na sijawahi kukosea shilingi moja ofisini, halafu nyumbani kwangu nikaiba. Ndiyo, niseme hivyo hivyo, niliiba.

Wakati huo huo hedifoni zilikuwa zimekuwa ukuta. Mume akirudi ananikuta nimezivaa. Akiniita siitiki. Akinigusa bega nashtuka kama nimefumaniwa. Ikafika mahali akaniuliza kama kuna mtu naongea naye usiku. Mimi badala ya kumwelewa nikaona ananitukana.

Sendofu ya wifi

Ikaja sendofu ya wifi yangu. Nilitaka sana ukoo ule unione wa maana, hivyo nikamwomba dijei apige kitu changu wakati wa bibi harusi kuingia. Ilikuwa ile ile ya saba. Kinanda cha umeme, ngoma imekatwakatwa, haihati zinaruka, kodi nimezipamba ile mbaya.

Shosti, sitaki kukumbuka. Wasindikizaji walianza vizuri, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikawakuta mguu hewani. Mmoja akamkanyaga mwenzake gauni. Mashangazi wakaanza kuangaliana. Wifi mwenyewe akasimama katikati ya ukumbi, anatabasamu huku macho yanaomba msaada. MC akamwashiria dijei, ukapigwa wimbo mwingine, ukumbi mzima ukapiga vigelegele vya kupona.

Mume wangu hakunicheka. Alinitazama tu. Na wiki iliyofuata mwenye nyumba akapiga simu kuulizia pesa yake.

Hakupiga kelele, ningefurahi angepiga. Aliuliza zimekwenda wapi, nikamwonyesha kinanda. Akakaa kitandani kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hivi mimi nina mke, au nina mpangaji mwenzangu?" Toka siku hiyo akawa analala sebuleni. Akakopa kazini, kodi ikalipwa. Tuliongea mambo ya mtoto na gesi tu. Nikatoa tangazo la kuuza kinanda. Nikajua na laptopu itafuata, na baada ya hapo sikujua nini kitafuata.

Babu akavaa hedifoni

Mume wangu kwao ni Unguja, na Idi ile tulikuwa tumeshaahidi kwenda. Hatukuwa na sura ya kughairi, tukapanda boti tukiwa kama watu wasiojuana.

Babu yake mzaa baba alipiga fidla kwenye taarabu enzi za ujana wake. Ni ile taarabu ya vyombo vingi, fidla, kanuni, udi na akodiani, ambayo vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimeilea Zanzibar kwa zaidi ya karne. Vidole vyake sasa havifungi vizuri lakini masikio, mashaallah. Baada ya chakula cha mchana akaniuliza, "Nasikia na wewe mwanangu wapiga muziki?" Sijui nani alimwambia. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Babu, wa kompyuta tu." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikamvalisha hedifoni juu ya kofia yake. Mume wangu amekaa pembeni anajifanya anasoma gazeti. Babu akafumba macho. Dakika moja ikapita, mbili. Mkono wake ukaanza kutafuta kwenye goti, unapiga, unaacha, unapiga tena. Wimbo ulipoisha akavua hedifoni akasema, "Saba hii. Nzuri. Lakini nishike wapi?"

Sikumwelewa. Akanionyesha. Akaanza kupiga goti taratibu, kiganja kwa pigo zito, vidole kwa pigo jepesi, na juu yake akawa anaimba fidla kwa mdomo. Sauti inapanda, inashuka, inachelewa, inarudi, lakini lile goti halibadiliki hata kidogo. Nikahesabu kimya kimya. Kumi! Mkate, chai, chai, mkate. Babu akaniambia ile ni samai, mwendo wa mapigo kumi unaopigwa na vyombo bila mwimbaji, uliotokana na muziki wa Waturuki na Waarabu.

Nilibaki mdomo wazi. Mimi najiona wa kisasa kwa saba yangu, kumbe ukoo ule ule ulionishangaa ukumbini una mzee anayehesabu kumi kwa goti.

Tulichokigundua kwenye boti

Kurudi Dar tukakaa siti moja kwa kuwa boti ilijaa. Mume wangu ana tabia, akiwaza anapiga mluzi, na mluzi wake ni mmoja tu tangu nimjue: muziki wa Mission: Impossible. Ulitungwa na Lalo Schifrin, mzaliwa wa Argentina, kwa ajili ya tamthilia ya televisheni mwaka 1966, na wengi wetu tuliujulia kwenye filamu za Tom Cruise. Nimeusikia mluzi ule miaka tisa. Siku ile kwa mara ya kwanza vidole vyangu vikauhesabu.

Mkate, mkate, chai, chai. Kumi.

Nikahesabu tena. Samai ya babu ni mkate, chai, chai, mkate. Chukua ule mkate wa mwisho uuweke mwanzo: mkate, mkate, chai, chai. Ni gurudumu lile lile! Moja linakwenda polepole na jingine mbio, na kila moja linaanzia mahali pake, lakini mgawanyo wa mapigo ni ule ule. Nikacheka kwa sauti, abiria wakageuka.

"Nini?" akauliza. Lilikuwa neno la kwanza siku ile lisilohusu mizigo. Nikamshika mkono nikampigia kwenye paja lake, kwanza ya kwake, halafu ya babu. Akabisha. Nikarudia. Akajaribu mwenyewe, akakosea, akajaribu tena, akapata. "Kwa hiyo miaka yote hii nachechemea na mimi?" akasema. Ndo tukacheka pamoja, na katikati ya kucheka mimi nikaanza kulia, nikamwomba msamaha wa ile pesa. Sikumwomba vizuri siku zote zile. Nilikuwa nimeeleza tu, na kueleza si kuomba msamaha.

Pa kushika

Nyumbani nikaurudia ule wimbo na swali la babu kichwani: nishike wapi? Nikaenda kusikiliza upya nyimbo zangu zote za jazi ninazozipenda na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. Kwenye Take Five, piano inarudia kipande kile kile cha "mkate, chai" tangu mwanzo. Hata mpiga ngoma, Joe Morello, anapopewa nafasi ya kujitawala, piano haimwachi.

Nikarudi pia kwa Herbie Hancock. Huyu mwaka 1971 alitoa albamu inayoitwa Mwandishi, na hilo lilikuwa jina la Kiswahili alilokuwa akilitumia yeye mwenyewe. Wenzake nao walikuwa na yao: mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali, na mpuliza tarumbeta Eddie Henderson, ambaye pia alisomea udaktari, akaitwa Mganga. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo una mapigo kumi na tano. Chai mara nne, halafu chai, chai, mkate. Unaitwa Ostinato, neno la kimuziki lenye maana ya kipande kinachorudiwa bila kuchoka. Vyombo vingine vinapotea msituni, besi inabaki njiani inawasubiri. Albamu iliyofuata, Crossings ya mwaka 1972, ndiyo waliyoingiza sinthesaiza ya Patrick Gleeson. Kwa hiyo jazi, umeme na hesabu ngumu vilishakaa pamoja zamani, tena chini ya jina la Kiswahili, na vilikaa kwa sababu kulikuwa na pa kushika.

Kosa langu halikuwa saba. Kosa ni kwamba kwenye wimbo wangu kila kitu kilikuwa kinarukaruka kwa wakati mmoja, mimi najua ninakoelekea, msikilizaji nimemwacha stendi. Na nikikaa nikifikiria, ndivyo nilivyokuwa nimemfanyia mume wangu. Sidhani alichukia muziki. Alichukia kuachwa peke yake nje ya mlango.

Nikafanya mambo mawili. Kwanza nikaweka besi ya noti nne tu inayorudia "chai, chai, mkate" mwanzo mpaka mwisho. Pili, nikaweka ngoma kubwa chini yake inayopiga kila baada ya hatua mbili, kama wimbo wowote wa kucheza. Saba haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mzunguko wa kwanza ngoma inaangukia mwanzo wa chai, wa pili inaangukia katikati yake, na baada ya mizunguko miwili zote zinakutana tena. Mguu unapata ngoma yake ya kawaida, sikio linapata saba yake. Anayetaka kucheza anacheza, anayetaka kuhesabu ahesabu.

Hata Mission: Impossible ilipita huko. Mwaka 1996, Adam Clayton na Larry Mullen wa bendi ya U2 waliugeuza kwa sehemu kubwa ukawa wa nne ili uchezeke disko. Ukauza sana. Mimi sikutaka kuitupa saba yangu, ila nimejifunza kuiwekea sakafu.

Nyumbani sasa

Usidhani nimekuwa maarufu. Bado ni mhasibu, bado tunapanga. Ile laki nne niliirudisha kidogo kidogo kwa miezi minane, na kinanda sikukiuza kwa sababu mume wangu ndiye aliyekataa. Lakini pesa ya kodi sasa anatunza yeye. Sikupenda, ila ni haki yake, na uaminifu haurudi kwa wimbo mmoja.

Tumepangiana siku tatu za muziki kwa wiki, mwisho saa sita. Hedifoni navaa sikio moja kama yupo macho. Na kila nikimaliza kitu, anasikia yeye kwanza, wimbo wote. Hajui noti hata moja, lakini ana jicho la fundi. Juzi alinisimamisha katikati akasema, "Hapa umeniacha." Nikasikiliza, kweli, nilikuwa nimeitoa besi mapema mno. Nikairudisha mizunguko minne zaidi. Siku hizi neno hilo analitumia hata jikoni nikianza kumweleza mambo ya ofisini haraka haraka. Hapa umeniacha. Narudi, namchukua, tunaendelea.

Bado mapenzi yake ni mpira na taarabu, na sina mpango wa kumbadilisha. Ila mtoto wetu wa miaka minne anapiga sahani na kijiko asubuhi akiimba chai, chai, mkate, bila kukosea, na haoni kitu chochote kinachochechemea.

Na wewe ukitaka kujaribu

Anza na tano au saba, usianze na kumi na tano. Iseme kwa mdomo na kuipiga kwa mkono mpaka uache kuhesabu, ndipo ufungue kompyuta.

Kwenye programu, badili urefu wa mstari. Kama umezoea vibonyezo kumi na sita, saba inachukua kumi na vinne na tano inachukua ishirini.

Usiinyooshe sana mashine. Chelewesha kidogo kila pigo la pili ili muziki uyumbe kama mtu anayetembea, na kodi zako zisianguke zote juu ya pigo.

Chagua kitu kimoja kisichobadilika, besi au ngoma, ukiache hapo kama mlingoti.

Mwisho, usitengeneze gizani. Mpe mwenzio asikilize mapema, kabla hujajipenda mno. Akikwambia unachechemea, usivae hedifoni. Muulize amepotelea wapi.